Huyu Analia Nini?

Neno la leo ni refu kidogo, kwa hivyo jimiminie chai, usome polepole. Maandiko yetu ni Mithali 18:13, Zaburi 88 na Habakuki 3:17–19. Yafungue kwenye Biblia yako kwanza, kisha urudi hapa.

Julai 2025 walifariki wanaume wawili ambao nyumba chache sana zingewaweka pamoja. Tarehe 1 alienda mhubiri Jimmy Swaggart, akiwa na miaka 90. Tarehe 22 akafuata Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, akiwa na miaka 76, siku 17 tu baada ya kuimba kwa mara ya mwisho mjini kwao Birmingham, Uingereza. Nilipoandika kwenye kundi la wanaume la kanisa kwamba sauti hizo zote mbili zilikuwa nyumbani kwetu nikikua, simu haikupumzika. Mzee mmoja aliuliza, "Pasta, huyo wa pili umemtoa wapi?" Ndugu kadhaa wa rika langu hawakusema kitu mbele ya watu, lakini walinitumia pembeni picha za kaseti zao za zamani. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Mimi ni mtoto wa Kajiado mjini. Katika miaka ya 1990 mji ulikuwa mdogo: soko, maduka machache, vumbi, na reli inayopitisha magadi kutoka ziwani. Jumapili mchana Yeyo, yaani mama yangu, aliweka kaseti ya Swaggart, na piano yake ikajaza nyumba wakati nyama inachemka. Siku nyingine redio ilikuwa ya kaka yangu mkubwa. Alifanya kazi Nairobi, na kila mwisho wa mwezi alirudi na kaseti za kunakiliwa kutoka River Road: Scorpions, Bon Jovi, Guns N' Roses, Metallica, Black Sabbath. Majina yaliandikwa kwa biro, mengine yamekosewa herufi. Kwa biro hiyo hiyo tulirudisha kaseti nyuma ili tusimalize betri. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya mabati, zikatupa nyimbo mbili tatu zaidi. Wenzangu mnaocheka sasa mnajua nasema nini.

Muziki huo ni roki nzito, ile wanayoiita hevi metali, pamoja na dada yake, roki ya glamu, ya wanaume waliovimbisha nywele na kupaka rangi usoni. Mahema ya injili ya wakati huo yaliikemea kwa nguvu. Wahubiri walisema ni ajabu mwanamume kufuga nywele na kujiremba. Sisi vijana wa Kajiado tulitazamana tu, maana nje ya hema walikuwa wanapita morani, nywele ndefu zimesukwa na kupakwa udongo mwekundu na mafuta, shanga shingoni na mikononi, wamependeza kuliko bendi yoyote ya Los Angeles. Mötley Crüe wangepita sokoni Kajiado siku ya mnada, wazee wangeuliza tu hao ni wa rika gani.

Tuliambiwa pia kwamba KISS ni kifupi cha maneno ya kumtumikia Shetani, na kwamba herufi za AC/DC zinamficha mpinga Kristo. Ukweli ni kwamba jina la AC/DC lilitoka kwa dada ya wapiga gitaa wao wawili, aliyeona herufi hizo kwenye cherehani. Ni herufi za umeme, unazoweza kuziona nyuma ya redio. Nao KISS walikana maana ile. Tuliambiwa tena kwamba ukicheza kaseti kinyumenyume utasikia sauti za mapepo. Nani alikuwa na betri za kucheza kaseti kinyumenyume?

Sisemi hivi kuwadharau watumishi wale. Walitupenda, na walikuwa wanatulinda. Lakini Mithali 18:13 inatuambia kwamba anayejibu jambo kabla ya kulisikia anajipatia upumbavu na aibu. Ukimkemea kijana kwa neno ambalo yeye anajua si kweli, hatakuamini utakapomwambia lililo kweli. Kijana akigundua kwamba mchungaji alibuni habari ya cherehani, atauliza kama alibuni na habari ya kaburi tupu. Hapo ndipo tunapowapoteza, wapendwa, kwa jambo dogo kama jina la bendi.

Mwaka 1996 kaka yangu alifariki. Ilikuwa ajali ya matatu kwenye barabara ya Namanga, barabara ambayo wengi wetu tunaipita kila siku kwenda kazini. Mazishini watu waliimba nyimbo za ushindi. Waliniambia nisilie, kwamba mwanamume halii, kwamba aliyeokoka halii, kwamba kaka yuko mahali pema. Nilikuwa na miaka 16. Nikatii. Nikarudi nyumbani, nikachukua kaseti zake, nikaanza kuzicheza kwa sauti ya juu kila siku baada ya shule.

Yeyo hakusema kitu kwa wiki kadhaa. Jioni moja akaja akasimama mlangoni, mikono imejaa unga. Wimbo ulikuwa "War Pigs" wa Black Sabbath, wa mwaka 1970, wimbo mrefu. Akausikiliza wote hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huyu analia nini?"

Nikamweleza kwa kadiri nilivyoelewa Kiingereza chake, kwamba ni mtu anayewashtaki wakubwa wanaoanzisha vita na kuwatuma watoto wa maskini wakafe, na kwamba mwishoni Mungu anawahukumu.

Yeyo akafikiri. Akasema, "Basi huyo anasema kweli. Mwambie apunguze sauti." Akageuka kwenda jikoni. Hatua mbili, akarudi. "Na wewe, unalia nini?"

Wapendwa, siku hiyo nililia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Yeyo aliketi sakafuni na mimi, unga mikononi, akalia pia, maana naye alikuwa ameambiwa asilie. Hakunihubiria. Hakukemea pepo la roki. Aliuliza swali moja na akasubiri jibu.

Miaka baadaye, nikiwa chuo cha Biblia, nilikuja kuelewa kwamba Yeyo alikuwa amefanya theolojia nzuri kuliko ya mazishini. Ule mstari tunaopenda kuwasomea wafiwa, 1 Wathesalonike 4:13, haukatazi kilio. Paulo anataka tusihuzunike kama watu wasio na tumaini. Huzuni yenyewe anaiacha mahali pake. Yesu alijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini, na bado alilia.

Tulifundishwa pia kwamba zaidi ya theluthi moja ya Zaburi ni za maombolezo. Hesabu basi nyimbo tulizoimba kanisani Jumapili iliyopita. Ushindi, ushindi, baraka, kupandishwa viwango, ushindi. Ni nyimbo nzuri, naziimba kwa moyo wote. Lakini kama kitabu cha nyimbo alichotupa Mungu mwenyewe kina maombolezo mengi hivyo, na sisi hatuna hata moja, anayelia aimbe nini? Atatafuta kwingine. Atavaa waya za simu masikioni, atafute mtu anayepiga kelele kama moyo wake unavyopiga.

Soma Zaburi 88. Zaburi nyingi za huzuni mwishoni hugeuka zikawa sifa. Hii haigeuki. Inaanza kwa kilio cha usiku na mchana, na inafungwa gizani, marafiki wako mbali. Wala mhariri hakuiongezea "Haleluya" ya kuifunga. Roho Mtakatifu aliiacha hivyo. Kichwa chake kinaitaja kuwa ya Hemani. Wako wafafanuzi wanaomwona kuwa ndiye Hemani wa 1 Nyakati 15:19, mmoja wa waimbaji watatu ambao Daudi aliwapa kazi ya kupiga matoazi ya shaba kwa sauti kuu. Kama ni yeye, basi aliyeandika zaburi yenye giza kuliko zote alikuwa pia mpiga chuma hekaluni. Metali haikuanzia Birmingham.

Na siku hizi haiko Birmingham peke yake. Nairobi kulikuwa na bendi ya vijana wawili iliyoitwa Duma, jina linalotokana na neno la Kikuyu la giza. Albamu yao ilitoka mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala, ikasikika mpaka Ulaya. Sikwambii uinunue. Nakuambia ujue kwamba watoto wetu waliliita giza kwa jina lake, kwa lugha ya nyanya zao, wakati sisi tunawaambia waseme wako sawa.

Niwape habari mbili za watu wa muziki huu, kisha nirudi nyumbani.

Ya kwanza ni ya Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Akiwa na miaka 17 alikuwa kibarua katika kiwanda cha mabati Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo vidole hivyo ndivyo vya kubana nyuzi. Ninyi mnaoamka saa kumi usiku kwenda viwanda vya Athi River mnajua mashine isiyo na huruma. Kijana alijua gitaa limekwisha. Lakini msimamizi wake wa kiwandani alimletea rekodi ya Django Reinhardt, mtu aliyepiga gitaa kwa vidole viwili baada ya mkono kuharibiwa na moto. Iommi akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavifunika kwa ngozi. Baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikawa nzito. Uzito ule uliotutisha mahemani, sehemu yake ilitoka kwenye kidonda. Na kabla ya kidonda kuimba, mtu alikuja kumtembelea majeruhi na zawadi mkononi. Msimamizi yule hakumwambia asilie.

Ya pili ni nzito zaidi, na nawaomba viongozi wenzangu waisome mara mbili. James Hetfield wa Metallica alizaliwa katika familia ya dini iliyokataa matibabu ya hospitali. Mama yake alipata saratani, akangoja uponyaji bila daktari, akafa kijana akiwa na miaka 16. Mwaka 1991 alitoa wimbo kuhusu jambo hilo, na jina la wimbo linamshtaki Mungu kwamba ameshindwa. Ukilisikia jina hilo tu utasema ni kufuru, na utazima redio. Ukiuliza "Huyu analia nini?", utasikia mtoto anamlilia mama yake.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kulipita jambo hilo haraka. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba njaa ni njia ya kumwona Yesu. Wako watoto waliobaki. Siku moja watapiga kelele, na huenda isiwe kwa nyimbo za tenzi. Naamini uponyaji wa Mungu kwa moyo wangu wote, nimeuona kwa macho. Ndiyo maana narudia kila mara: tunakuombea, na tunakupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto asije akaachiwa kaburi la mama na swali juu ya Mungu, eti kwa sababu kanisa liliona aibu ya daktari.

Sasa nirudi nyumbani. Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja wa ushirika wetu alikuja na simu ya mwanawe. Naeleza kwa ruhusa yao, na majina nayaacha. Kijana ana miaka 17, anavaa fulana nyeusi kila siku, haongei mezani. Mama alitaka niiombee simu na nifute nyimbo zote. Nikamwomba kijana aje mwenyewe na anichezee wimbo mmoja anaoupenda. Tuliusikiliza mpaka mwisho, sisi wawili, kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa. Kulikuwa na mngurumo mwingi, na maneno sikuyashika hata moja. Nikamuuliza swali la Yeyo.

Alikaa kimya. Halafu akaniambia habari za ukame. Mnakumbuka mvua ilivyokosa misimu mitano mfululizo, 2020 hadi 2022. Ng'ombe wa baba yake walikufa mmoja mmoja upande wa ndani wa Kajiado, na kijana ndiye aliyekuwa akiwasaidia kusimama asubuhi kwa kuwashika mkia na pembe, mpaka siku ambayo hakubaki wa kusimamishwa. Wakahamia Kitengela, chumba kimoja. Baba sasa ni askari wa usiku kwenye lango la ploti za watu, na mzee aliyejua kila ng'ombe wake kwa jina anafungulia magari. "Hakuna mtu anasema hiyo kitu kwetu," kijana akaniambia. "Tunasema tu Mungu ni mwema."

Nikafungua Habakuki 3. Tukasoma jinsi nabii anavyohesabu hasara bila kuficha: mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi la kondoo, na mwisho ng'ombe hawako. Kijana akaomba nisome tena pale pa ng'ombe. Hakujua kwamba hiyo imo katika Biblia. Habakuki anafika kwenye furaha katika Bwana, ndiyo, lakini anafika baada ya kuhesabu. Tena kitabu chake kinaanza kwa kumuuliza Mungu atalia hadi lini bila kusikiwa.

Mngependa niwaambie kwamba kijana ameokoka na anaongoza sifa. Bado. Bado anavaa nyeusi. Jumamosi vyombo vinapofanyiwa mazoezi huja, hukaa nyuma karibu na ngoma. Na mama yake ameniambia kwamba siku moja baba na mwana walikaa nje usiku kabla ya zamu, wakataja ng'ombe wale kwa majina mpaka wakamaliza. Mimi namshukuru Mungu kwa hilo.

Mzazi, nisikie vizuri. Sijasema kila wimbo ni mwema. Uko muziki, wa roki na wa mitindo mingine yote, gengetone ikiwemo, unaosifia dawa za kulevya, unaodhalilisha wanawake, unaocheza na kifo. Ozzy mwenyewe aliteswa na pombe na dawa kwa miaka mingi, na hakuficha. Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza, sikiliza wimbo wote pamoja na mtoto, usihukumu kwa picha ya jalada. Pili, uliza anayeimba analia nini, kisha uliza mtoto wako analia nini, na unyamaze usikie. Tatu, pimeni pamoja kwa Wafilipi 4:8, ambapo orodha ya Paulo inaanza na mambo yaliyo ya kweli. Nne, ukisikia mtoto anaongea habari za kutaka kufa, usimwache peke yake hata saa moja. Nipigie, na twende kwa daktari au mshauri siku hiyo.

Na ujue kwamba Bwana ana watu kila mahali. Miaka ya 1980 kulikuwa na bendi ya glamu ya California, Stryper, nywele zimevimba, nguo za manjano na nyeusi zenye mistari. Jina lao walilihusisha na Isaya 53:5, juu ya kupigwa kwake Bwana kunakotuponya, na katika maonyesho yao waliwarushia watu Agano Jipya. Swaggart aliikemea roki ya Kikristo kwa ukali, na yeye mwenyewe alikuwa binamu wa Jerry Lee Lewis, mfalme wa piano ya roki. Ukisikiliza piano zao hizo mbili, utajua walikulia pamoja.

Kwa wenzangu wa miaka ya 40 na kuendelea: raha ya kukumbuka ni zawadi, lakini Mhubiri 7:10 inatuonya tusiishi tukisifu siku za kale kana kwamba Mungu alibaki huko. Kwetu Wamaasai, kwenye eunoto, mama humnyoa morani zile nywele ndefu alizojivunia. Huumia, wengine hutetemeka na kulia. Lakini zisiponyolewa, hawi mzee wa kusaidia wengine. Kaseti za kaka yangu zimeliwa na vumbi, haziimbi tena. Swali nililopewa mlangoni bado linafanya kazi.

Ijumaa hii kwenye kesha, kuanzia saa tatu usiku, tutasoma Zaburi 88 yote kwa sauti. Baada ya hapo hakuna atakayeanzisha wimbo wa ushindi kwa nusu saa nzima. Mwenye kilio chake akilete, awe amefiwa, amefutwa kazi, au zizi lake limebaki tupu. Njoo na kijana wako, na mwambie anaweza kuja na fulana yake nyeusi.

Tuombe. Baba, wewe uliyesikia kilio cha Waisraeli kule Misri kabla hawajajua kukuomba vizuri, tupe masikio yako. Nyumba zilizojaa kelele, zipe mtu mmoja wa kuuliza. Nyumba zilizojaa kimya, zipe mtu mmoja wa kulia kwanza. Utukumbuke sisi tuliobaki, na utukusanye kwako. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie neno hili mzazi mmoja mwenye kijana asiyeongea. Tukutane Ijumaa.

Mchungaji wenu, Kitengela